Bastola ndogo inapiga teke kali: dalili, sababu na marekebisho

Msimu wa korosho unapofunguliwa Oktoba, bastola nyingi za Mtwara na Lindi hutoka kabatini. Wanunuzi, wasafirishaji na wenye maduka hukumbuka kwamba hawajafyatua hata risasi moja tangu msimu uliopita. Wanakwenda uwanjani, na malalamiko ni yale yale: "Mwalimu, hii kitu inanirusha mkono." "Imenichubua." "Nalenga katikati, inapiga chini." "Kila baada ya risasi mbili tatu inakwama." Karibu wote wana bastola ndogo, nyepesi, ya kukaa kiunoni chini ya shati, kwa sababu joto la pwani halimruhusu mtu kuvaa koti la kufichia bastola kubwa.

Shika jambo moja kabla hujaendelea: uzito ambao bastola ndogo imeukosa, mikono yako ndiyo itakayoulipa. Malalamiko mengi hutibika kwa mshiko, kwa risasi inayofaa, na kwa mazoezi ya bila risasi. Bahati mbaya watu huanzia mwisho. Wanaulizia springi ngumu, wanataka mtutu utobolewe, wanawaza kubadilisha bastola. Fuata dalili moja moja, na uanze na ukaguzi mwepesi.

Mwongozo huu ni kwa mwenye leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, anayefyatua kwenye uwanja wa shabaha unaokubaliwa na polisi, akiwa na msimamizi. Shamba la mikorosho si uwanja wa shabaha. Watu hupita humo wakiokota korosho, na risasi ya milimita 9 inaweza kwenda zaidi ya kilomita 1 kabla ya kuanguka. Na kila ninapoandika "bastola tupu", maana yake ni kwamba umetoa magazini, umekoki kwa kuvuta nyuma slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza), umetazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa jicho na kuigusa kwa kidole. Fanya hivyo hata kama umetoka kuifanya dakika moja iliyopita.

Kwa nini ndogo ndiyo inayouma

Risasi ya milimita 9 ya kawaida ina kichwa cha gramu 7.5 hivi, na kwenye mtutu mfupi hutoka kwa karibu mita 330 kwa sekunde. Inapokwenda mbele, bastola inasukumwa nyuma kwa kiasi kilekile. Bastola ya gramu 1,000 itarudi kwa mita 2.5 kwa sekunde, na nishati inayofika mkononi ni kama jouli 3. Bastola ya gramu 500 itarudi kwa mita 5 kwa sekunde, na nishati ni jouli 6. Uzito ukipungua nusu, nishati ya teke inakuwa mara mbili, na hapo sijahesabu gesi ya baruti inayoongeza chake. Glock 43, iliyotoka 2015, ina gramu 510 hivi. Ruger LCP ya 2008, inayotumia risasi fupi ya milimita 9, haifikishi gramu 300 ikiwa tupu.

Muundo nao una mchango. Kwenye bastola za mtindo wa Walther PP, iliyoanza 1929, mtutu umekazwa kwenye fremu, na slaidi inarudishwa moja kwa moja ikizuiwa na uzito wake na springi tu. Kwenye mtindo mwingine, mtutu na slaidi hufungamana kwanza, vikarudi pamoja kidogo, ndipo vikaachana, na teke linakuja polepole zaidi. Ndiyo maana mtu mwenye bastola ya risasi fupi, yaani 9x17, anashangaa kuona inamchoma kiganja kuliko ya mwenzake ya 9x19, ile milimita 9 ya kawaida, yenye nguvu zaidi.

Dalili: teke limebadilika ghafla

Hii naiweka mbele kwa sababu ukikosea hapa unaweza kupoteza vidole.

Kama risasi imetoa mlio mdogo kuliko kawaida, teke likawa dhaifu, na pengine hukuona tundu jipya kwenye karatasi, SIMAMA. Kichwa cha risasi huenda kimebaki ndani ya mtutu. Risasi ya pili ikifuata, mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako. Sababu inayoongoza ni risasi mbovu: zilizopata unyevu, zilizokaa miaka kwenye droo, au zilizojazwa baruti na mtu asiyejulikana. Huku pwani unyevu hauna likizo, na kuanzia Desemba hadi Aprili ndiyo kabisa.

Elekeza mdomo kwenye tuta la nyuma ya shabaha, toa kidole kwenye kifyatulio, mwite msimamizi. Toa magazini, vuta slaidi nyuma na uifunge hapo. Usichungulie kupitia mdomo wa mtutu. Bastola ikishafunguliwa na mtutu ukatolewa, mwanga utaonyesha kama umeziba. Ukiwa umeziba, usigonge kwa msumari wala waya. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni.

Kama umevuta kifyatulio na hakuna kilichotokea isipokuwa "tak", subiri sekunde 30 nzima mdomo ukiwa kwenye tuta, ndipo ukoki. Baruti inaweza kuchelewa kushika moto.

Teke likiongezeka ghafla, okota maganda uyatazame. Ganda lililovimba, lililopasuka ubavuni, au ambalo kile kiini cha kitakoni kinachowasha baruti kimebonyea na kuwa bapa kabisa, linasema msukumo ulizidi. Angalia boksi. Risasi zenye alama ya +P zimejazwa nguvu zaidi ya kiwango, na bastola nyingi ndogo, hasa za zamani, hazikuundwa kwa ajili yake. Angalia pia maandishi kwenye mtutu na kwenye kitako cha ganda: lazima yafanane. Milimita 9 fupi na milimita 9 ya kawaida hukaa kwenye maboksi yanayofanana, na huo ni mtego. Ukiona ufa wowote kwenye fremu au slaidi, hata mwembamba kama unywele, usiifyatue tena mpaka fundi aione.

Dalili: mdomo unaruka juu, kila risasi unalenga upya

Sababu ninayoikuta zaidi ni mshiko wa chini. Mtutu unakaa juu ya mkono, na kadiri nafasi kati yake na kiganja inavyokuwa kubwa ndivyo teke linavyopata nguvu ya kuuzungusha mdomo kwenda juu. Chukua bastola tupu, itazame kwa ubavu. Ukiona mwanga wowote kati ya ile ngozi iliyo baina ya kidole gumba na cha shahada na mkia wa nyuma wa kishikio, umeshika chini. Pandisha mkono mpaka ngozi ikunjamane kidogo chini ya mkia. Mshiko huu upatikane bastola ikiwa bado kwenye ala, maana ukishaichomoa huna muda wa kuurekebisha.

Inayofuata: mkono wa pili hauna kazi. Wengi wameuweka chini ya magazini, umekinga tu. Hapo hauzuii chochote. Kiganja cha mkono wa pili kijaze ule ubavu wa kishikio uliobaki wazi, vidole vyake vifunike vya mkono wa kwanza, na cha juu kibane chini ya kilinzi cha kifyatulio. Kisha mkono huo wa pili ndio ukaze zaidi. Mkono wa kufyatulia ukikazwa mno, kidole cha shahada nacho kinakakamaa na kuivuta bastola pembeni.

Kwenye bastola ndogo kidole cha mwisho mara nyingi kinaning'inia hewani. Dawa ni magazini yenye kitako kirefu kutoka kwa mtengenezaji wa bastola hiyo. Ongezeko la sentimita moja na nusu linabadilisha mambo kuliko mtu anavyotegemea. Usipoipata, kunja kidole hicho chini ya magazini na ukibane juu.

Tazama na mwili. Mwenye hofu huegemea nyuma, mabega yakiwa nyuma ya nyonga, na teke linamkuta tayari ameshaanguka nusu. Rudisha nyuma mguu wa upande wa kufyatulia kwa nusu hatua, legeza magoti, mabega yatangulie nyonga. Vifundo vya mikono viwe imara kama vya fundi anayepigilia msumari wa inchi 4. Viwiko vinyooke bila kujifunga.

Halafu jasho. Saa tano asubuhi pale Mtwara mjini, kabla upepo wa bahari haujachangamka, kiganja kinalowa na kishikio cha plastiki kinateleza. Kausha mikono kwa taulo kila baada ya magazini moja. Kuna dawa ya bei nafuu ambayo naiunga mkono kabisa: kipande cha tyubu ya baiskeli, upana wa vidole vitatu, kivalishwe kwenye kishikio kama soksi. Mpira unashika, unanenepesha kishikio kidogo, na teke linasambaa kwenye eneo kubwa la kiganja. Hakikisha haufuniki kitufe cha kuachia magazini, wala sefti ya nyuma ya kishikio kama ipo, wala hausogei kuelekea kifyatulio. Ukivalisha, ijaribu ikiwa tupu kwanza: magazini iingie na kutoka yenyewe.

ONYO kwa wenye rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka: vidole gumba visitangulie mbele kama kwenye bastola ya magazini. Kati ya silinda na mtutu pana uwazi mwembamba, na gesi inayotoka pale inakata nyama.

Dalili: nalenga katikati, risasi zinapiga chini kushoto

Kwa anayetumia mkono wa kushoto ni chini kulia. Mwenye tatizo hili huja na uhakika kwamba alama za kulengea zimepinda. Mara chache sana ndivyo ilivyo. Mwili umeshajifunza kwamba teke linakuja, na sehemu ya sekunde kabla ya mlipuko mikono inasukuma mbele na chini kulipokea. Risasi inatoka mdomo ukiwa umeshainama.

Ukaguzi hauhitaji fedha nyingi. Tafuta risasi bandia, zile za plastiki au alumini zisizo na baruti. Msimamizi akujazie magazini, achanganye bandia na za kweli, usijue ziko wapi. Lenga, vuta taratibu. Ukifika kwenye bandia hakuna mlipuko wa kuficha kitu, na kila aliye pembeni anaona mdomo ukichimba chini, kope zikifumba, bega likipanda. Nimewaona hivyo watu wenye mikono ya kubeba magunia ya korosho tangu ujana. Nguvu haisaidii hapa. Nimewaona pia akina mama wenye maduka, wenye viganja vidogo, mdomo wa bastola umetulia kabisa kwenye bandia.

Tiba inaanzia masikioni. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita teke ni mlio. Bastola hutoa sauti inayozidi desibeli 150, na sauti ya ghafla ya desibeli 140 tayari inaweza kuumiza masikio moja kwa moja. Pamba haitoshi. Vaa vizibo vya ndani ya sikio, na juu yake vifunika masikio vya kichwani, vyote kwa pamoja. Kama sehemu ya kufyatulia ina paa la bati, hilo si hiari. Watu wawili tu wenye tatizo hili hutosha kukuonyesha: wavishe vyote viwili na kundi la matundu linakusanyika siku ileile.

Kisha sarafu. Bastola tupu, weka sarafu ya shilingi 100 juu ya slaidi, karibu na alama ya mbele. Vuta kifyatulio mpaka kigonge. Sarafu ikianguka, umesukuma. Rudia mpaka itulie mara kumi mfululizo, kila jioni, dakika tano. Risasi ni ghali na hazipatikani kiurahisi, lakini mazoezi haya hayana gharama, na ndiyo yanayotibu.

Masharti ya mazoezi ya nyumbani ni haya. Risasi za kweli zikae chumba kingine, zimefungiwa. Watoto wawe nje na mlango uwe umefungwa. Ukuta wa miti na udongo hausimamishi risasi, na wa tofali jembamba usiuamini. Elekeza kwenye gunia lililojazwa mchanga, limesimamishwa chini. Bastola zinazotumia risasi ndogo ya .22, na baadhi ya bastola za zamani, hazipendi kufyatuliwa tupu kwa sababu pini hugonga chuma, kwa hiyo weka risasi bandia kwanza. Ukimaliza, sema kwa sauti kwamba umemaliza, urudishe bastola kwenye sefu. Kosa la hatari hufanyika pale mtu anapojaza risasi halafu anataka "mara moja tu ya mwisho".

Uwanjani, anza mita 3 hadi 5. Fyatua risasi tano, kisha bandia kadhaa, kisha tano. Ukiweza kuazimwa muda na msimamizi kwenye bastola ya .22, fanya hivyo. Kichwa chake cha gramu 2.6 kinatoa teke ambalo halifiki hata theluthi ya la milimita 9, na mikono inajifunza upya kutokuogopa.

Sababu ya pili ni uzito wa kifyatulio. Rivolva ndogo ya gramu 400 inaweza kuhitaji kilo 5 kuvuta kifyatulio kabla ya nyundo kujikoki. Unavuta kwa nguvu zaidi ya mara kumi ya uzito wa bastola yenyewe, ndiyo maana inayumba. Vuta kwa mwendo mmoja usiokatika, na kidole kiguse kwa ncha yake yenye nyama. Usikubali mtu akupunguzie uzito huo kwa kusugua vyuma vya ndani. Kifyatulio kilichosuguliwa vibaya hufyatuka chenyewe.

Sababu ya tatu, ya mwisho, ni alama zenyewe. Kabla ya kuzigusa, mtu mzoefu aifyatue bastola hiyo ikiwa imeegemezwa kwenye mfuko wa mchanga. Kama naye anapiga chini kushoto, hapo nitakuamini.

Dalili: ngozi inachubuka, kidole kinagongwa

Angalia alama iko wapi. Mistari miwili iliyochanika juu ya ile ngozi ya kidole gumba ni slaidi imepita juu yake. Hutokea zaidi kwenye bastola za zamani zenye mkia mfupi, na kwa watu wenye viganja vinene. Hapa ushauri wa kupandisha mkono unafikia kikomo: shusha milimita chache tu. Glovu nyembamba ya ngozi inasaidia.

Kiungo cha kidole cha kati kikigongwa na sehemu ya chini ya kilinzi cha kifyatulio, kuna nafasi kati yao, na teke linaivuka kwa kasi. Bana kidole juu mpaka kiguse chuma.

Kiganja kizima kikiwaka, tazama risasi kabla ya kitu kingine. Tumia zenye msukumo wa kawaida. Kwa rivolva ya .38, zile za shabaha zenye kichwa bapa ni laini mno kuliko nyingine na zinatosha kabisa kwa mazoezi. Na kama umetoka kubangua korosho na mafuta ya ganda yamekuchuna ngozi, acha kufyatua mpaka mkono upone. Kiganja chenye kidonda kinalegeza mshiko bila wewe kutaka, na utajifunza tabia mbaya ambayo itakaa muda mrefu kuliko kidonda.

Dalili: ganda linasimama mlangoni, bastola inakwama

Hili watu hawalihusishi na teke, lakini ni la ukoo mmoja. Bastola ya magazini inahitaji fremu isimame imara ili slaidi irudi nyuma safari yake yote. Kifundo cha mkono kikilegea, fremu inarudi pamoja na slaidi, safari inakuwa fupi, ganda halirushwi mbali, linabanwa likiwa limesimama wima. Nyepesi ndiyo inayoathirika zaidi, kwa kuwa haina uzito wa kujisimamia.

Ukaguzi: mpe msimamizi bastola ileile na risasi zilezile. Kwake ikienda bila shida, tatizo ni kifundo. Rudi kwenye mshiko. Kwake nayo ikikwama, jaribu risasi za boksi jingine. Bado? Isafishe. Vumbi jekundu la njia za Newala na Tandahimba likichanganyika na mafuta mengi hugeuka tope ndani ya slaidi. Safisha, kausha, weka tone moja moja la mafuta sehemu zinazosuguana, basi. Mafuta yanayopenya usiyapulizie karibu na risasi, kwa sababu yanaweza kuingia kwenye kiini na kukiua.

Hapo ndipo springi inapofikiriwa. Springi za bastola ndogo huchoka mapema kuliko za kubwa. Kijitabu cha mtengenezaji husema zibadilishwe baada ya risasi ngapi. Weka ya kiwango kilekile. Springi ngumu kuliko ya asili haiondoi teke. Inalihamisha, na mara nyingi inaanzisha kukwama ambako hakukuwepo.

Na kwa wanaoishi kandokando ya bahari, kuanzia Mikindani hadi Kilwa: usihifadhi bastola kwenye ala ya ngozi wala risasi kwenye mkanda wa ngozi. Ngozi hunywa unyevu wenye chumvi na kuukumbatisha kwenye chuma. Risasi iliyoota ukijani usiifute na kuirudisha. Iwekwe kando na ikabidhiwe polisi.

Dalili: maumivu yanabaki baada ya kutoka uwanjani

Uchovu wa kiganja na misuli ya mkono, unaoisha siku moja au mbili, ni wa kawaida. Punguza idadi ya risasi. Kwa bastola nyepesi, risasi 30 zilizofyatuliwa kwa makini zinafundisha kuliko 100 za kuvumilia.

Maumivu ya nje ya kiwiko yanayorudi kila unapobeba ndoo, ganzi au kuchomachoma kwenye vidole, kifundo kilichovimba, au masikio yanayovuma hadi kesho yake, si ya kuvumilia. Acha kufyatua, nenda hospitali. Mtwara ipo Ligula, Lindi ipo Sokoine, na mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa unafyatua bastola, ili ajue anatafuta nini. Mwenye umri mkubwa, mwenye baridi yabisi ya viungo, au aliyewahi kuvunjika kifundo, azungumze na daktari kabla ya kuanza, na asione aibu kuchagua bastola nzito zaidi.

Dalili: nimefanya yote, teke bado halivumiliki

Basi inawezekana bastola hiyo si yako. Naliandika bila kusita, kwa sababu nimeona watu wakiteseka miaka na bastola ya gramu 300 waliyoichagua kwa wembamba wake, wakaacha kabisa mazoezi. Mtu asiyefanya mazoezi na silaha yake anahatarisha walio karibu naye. Kwa uzito uleule wa bastola, risasi fupi ya milimita 9 hutoa chini ya nusu ya nishati ya teke la 9x19, mradi usichague ule muundo wa mtutu uliokazwa. Ukibaki na 9x19, gramu 200 za ziada utazisikia kiunoni siku za mwanzo, na mkononi utazishukuru siku zote.

Kutoboa mtutu ili gesi itokee juu sikushauri kwenye bastola ndogo ya kujilinda. Gesi na mwako vinapanda kuelekea usoni, mlio unaongezeka, na ukifyatua ukiwa umeishikilia karibu na mwili unaweza kujiunguza. Kukata, kutoboa au kuchomelea kwenye karakana ya mtaani ni mwiko. Mafundi wanaotengeneza magobore vijijini wana mikono mizuri, lakini chuma cha bastola kinabeba msukumo wa aina nyingine, na silaha yako imeandikishwa kwa namba na sehemu zake. Mabadiliko yoyote yapitie kwa fundi mwenye leseni na polisi wajue.

Ukiamua kubadilisha bastola, anzia ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya yako ukiwa na leseni, na omba utaratibu wa kurudisha au kuhamisha umiliki. Usimwachie ndugu, usimkopeshe mlinzi wa ghala, usiiuze kwa mkono. Kabla ya kulipia nyingine, omba kuishika ikiwa tupu, mikono miwili, kwa dakika nzima. Angalia kama kidole cha mwisho kina mahali pa kukaa, kama ngozi ya gumba inafika chini ya mkia bila kupanda kwenye njia ya slaidi, na kama kidole cha shahada kinafika kwenye kifyatulio bila kulazimika kuugeuza mshiko.